Mwongozo kamili wa kuifundisha kompyuta unachokijua: tunaanza na njia za Mlima Kilimanjaro

Mafaili ya maarifa mnayonitumia wasomaji yanakwama sehemu zilezile. Mtu anafungua laptopu, anamwaga kila anachokijua, anauliza swali la kwanza, kompyuta inamjibu false (yani hapana), anafunga laptopu na kusema uwakilishi wa maarifa (kuandika unachokijua kwa namna ambayo kompyuta inaweza kukitumia kujibu maswali) ni mambo ya maprofesa. Hapana. Wengi mnaanza kuandika kabla hamjajua mtaiuliza kompyuta nini, alafu mnachanganya mahusiano matatu ambayo kichwani kwa binadamu hayana shida ila kwa mashine ni balaa. Tukirekebisha hayo mawili, mengine ni nukta na koma tu.

Historia tunaruka. Tunachojenga hapa ni faili moja dogo linaloitwa mlima.pl, ambalo linajua njia za kupanda Kilimanjaro na linaweza kujibu maswali ambayo majibu yake hukuyaandika popote. Hapo ndipo tofauti na jedwali la kawaida: jedwali linakurudishia ulichoweka, hazina ya maarifa inakupa na kile kinachotokana na ulichoweka.

Nimechagua mlima kwa sababu ukiwa Moshi au Arusha lazima unamjua mtu anayepanda, kwa hiyo kompyuta ikidanganya kuna wa kukwambia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari na peni. Sitanii, hatua mbili za kwanza hazihitaji kompyuta.
- Laptopu yoyote, hata ile nzito ya zamani. Programu tunayotumia ni SWI-Prolog (inaendesha Prolog, lugha ya kuiandikia kompyuta mambo na kanuni alafu kuiuliza maswali), ni ya bure, ipo ya Windows, Mac na Linux.
- Kama laptopu hauna, fungua SWISH kwenye brauza ya simu (swish.swi-prolog.org). Ni SWI-Prolog ileile ila inakaa mtandaoni, na kwa kuwa ni maandishi tu haili bando sana.
- Kihariri cha maandishi ya kawaida. Notepad inatosha. Word usiiguse kabisa, nitaeleza kwa nini.
- Mtu mmoja anayeujua mlima: mwongoza watalii, mpagazi, mpishi wa msafara, yoyote. Huyu utamhitaji mwanzoni na mwishoni.

## Hatua ya 1: Andika maswali, sio majibu

Chukua daftari, andika maswali kama matano au sita ambayo unataka faili lako liweze kujibu. Mimi nitatumia haya:

1. Njia zipi ni za kupandia?
2. Nikishatoka Mandara kwa njia ya Marangu, nitapita wapi na wapi mpaka Uhuru?
3. Njia ipi haihitaji kubeba mahema?
4. Mtu aliyepanda kwa Rongai anashukia wapi?
5. Kutoka kituo kimoja kwenda kingine napanda mita ngapi?

Kwa nini maswali kwanza? Kwa sababu maarifa ya mlima hayana mwisho. Kuna mimea, kuna hali ya hewa, kuna bei, kuna nyani wa msituni, ukianza kuandika kila kitu utaandika mpaka wiki ijayo na bado swali la kwanza halitajibika maana uliandika vitu vingine. Swali ndilo linalokwambia kitu gani kiingie na kipi kikae nje. Hapo juu hamna swali la mimea, kwa hiyo mimea haiingii, hata kama unaipenda.

Umefaulu kama: kila swali unaweza kumuuliza yule mtu wako wa mlimani na akakujibu kwa sentensi moja. Akikuuliza "kivipi?", swali lako bado ni bovu, liandike upya.

## Hatua ya 2: Yape vitu majina, kitu kimoja jina moja

Hapa ndo panaua wengi kimyakimya. Mwambie konda stendi ya Moshi "Marangu", atajua unaenda Marangu Mtoni. Mwambie mwongoza watalii "Marangu", atafikiria njia. Mwambie askari wa hifadhi, atafikiria geti. Sisi tunaelewana kwa sababu tunaangalia nani anaongea na wapi, ila kompyuta haiangalii chochote, kwake neno marangu ni herufi saba tu na popote itakapoziona itasema ni kitu kilekile.

Mlima wetu umejaa mitego hii:

- Kibo ni kilele, Kibo Hut ni kituo cha kulala. Vitu viwili.
- Shira ni kilele cha zamani kilichobomoka, Shira Cave ni kambi ya njia ya Machame. Vitu viwili.
- Machame ni kijiji, ni njia, ni geti, ni kambi. Vitu vinne hivyo!

Kwa hiyo kwenye daftari chora safu mbili, kushoto andika kitu chenyewe kwa maneno, kulia andika jina utakalotumia kwenye faili. Njia nitaziita marangu, machame, rongai, lemosho, mweka. Mageti ni geti_la_marangu na geti_la_machame. Kambi ni kambi_ya_machame, shira_cave, na kadhalika. Kituo ni kibo_hut, kilele ni kibo.

Majina yote yaanze na herufi ndogo, na badala ya nafasi weka kile kistari cha chini. Hii sio urembo. Kwenye Prolog neno likianza na herufi kubwa linakuwa variebo, yani shimo tupu linalongoja kujazwa. Ukiandika Marangu kwa herufi kubwa hujataja Marangu, umesema "kitu chochote kile". Faili halitalalamika sana, litakupa majibu ya ajabu tu.

(Na usitegemee jina kueleza maana. Kambi ya Karanga haina karanga na kambi ya Barafu sio friji, kompyuta haijui hata hayo. Maana itatoka kwenye mahusiano.)

Umefaulu kama: hakuna jina moja linalobeba vitu viwili, na hakuna kitu kimoja chenye majina mawili.

## Hatua ya 3: Tenganisha mahusiano matatu

Soma hapa polepole. Kama una haraka ruka sehemu nyingine, sio hii.

Angalia sentensi hizi:

- Machame ni njia ya mahema.
- Njia ya mahema ni njia ya kupandia.
- Kibo ni Kilimanjaro.

Zinafanana kwa mdomo, ila ndani ni vitu vitatu tofauti kabisa. Ya kwanza inataja kitu kimoja kinachoonekana na kukiweka kwenye kundi. Ya pili inaweka kundi ndani ya kundi. Ya tatu inasema kipande kiko kwenye kitu kizima. Kila moja tuipe jina lake:

    moja_ya(machame, njia_ya_mahema).
    aina_ya(njia_ya_mahema, njia_ya_kupandia).
    sehemu_ya(kibo, kilimanjaro).

Kwa nini tunahangaika? Kwa sababu sifa za kundi zinarithiwa na waliomo, sifa za kitu kizima hazirithiwi na vipande. Kilimanjaro ina mita 5,895. Mtu akiandika aina_ya(mawenzi, kilimanjaro), kanuni ya kurithi itaenda moja kwa moja na kumwambia kwamba Mawenzi, kilele kingine cha mlima huohuo, nayo ina mita 5,895, wakati Mawenzi ina mita 5,149. Hakuna kosa litakaloonekana kwenye skrini. Kompyuta imefuata alichoambiwa. Hayo ndo makosa mabaya kuliko yote, yasiyopiga kelele.

Ukijishuku, jiulize hivi. Naweza kukigusa au kukisimamia hiki kitu cha kushoto, na cha kulia ni kundi? Basi moja_ya. Vyote viwili ni makundi? aina_ya. Cha kushoto kikiondolewa cha kulia kinapungua? sehemu_ya. Jaribu kwa Uhuru na Kibo, jibu ni sehemu_ya, maana Uhuru ni ile ncha ya juu kabisa kwenye ukingo wa Kibo.

Umefaulu kama: umepitia kila sentensi ya daftari na kuiandikia pembeni moja kati ya hayo matatu, au umeona kwamba ni uhusiano mwingine kabisa (kama "inafuata" au "ina mwinuko") na ukaupa jina lake.

## Hatua ya 4: Sasa fungua kompyuta, andika mambo yenyewe

Fungua Notepad, andika hivi. Kila mstari unaisha na nukta. Usisahau nukta.

    moja_ya(marangu, njia_ya_vibanda).
    moja_ya(machame, njia_ya_mahema).
    moja_ya(rongai, njia_ya_mahema).
    moja_ya(lemosho, njia_ya_mahema).
    moja_ya(mweka, njia_ya_kushukia).

    aina_ya(njia_ya_vibanda, njia_ya_kupandia).
    aina_ya(njia_ya_mahema, njia_ya_kupandia).
    aina_ya(njia_ya_kupandia, njia).
    aina_ya(njia_ya_kushukia, njia).

    hatua(marangu, geti_la_marangu, mandara).
    hatua(marangu, mandara, horombo).
    hatua(marangu, horombo, kibo_hut).
    hatua(marangu, kibo_hut, gilmans).
    hatua(marangu, gilmans, stella).
    hatua(marangu, stella, uhuru).

    hatua(machame, geti_la_machame, kambi_ya_machame).
    hatua(machame, kambi_ya_machame, shira_cave).
    hatua(machame, shira_cave, lava_tower).
    hatua(machame, lava_tower, barranco).
    hatua(machame, barranco, karanga).
    hatua(machame, karanga, barafu).
    hatua(machame, barafu, stella).
    hatua(machame, stella, uhuru).

    mwinuko(mandara, 2720).
    mwinuko(horombo, 3720).
    mwinuko(kibo_hut, 4720).
    mwinuko(uhuru, 5895).

Mbona hatua ina vitu vitatu ndani na sio viwili? Kwa sababu Stella Point (ndo stella kwenye faili; gilmans ni Gilman's Point) wanapita wa Marangu na wa Machame, wote wanakutana pale kwenye ukingo. Bila kutaja njia, kompyuta haiwezi kujua nani katokea wapi. Swali la 2 la daftari lilisema "kwa njia ya Marangu", kumbuka, swali ndilo lililotuambia.

Na mbona nimeita hatua na sio juu_ya? Mmoja wenu alinitumia faili zuri sana ila aliandika juu_ya(barranco, lava_tower), akimaanisha Barranco inakuja baada ya Lava Tower. Kweli inakuja baada, ila Lava Tower iko kama mita 4,600 na Barranco iko chini ya mita 4,000, watu wanapandishwa kule juu mchana wazoee hewa nyepesi alafu wanashushwa kulala chini. Kwa hiyo kufuatana njiani ni jambo moja, mwinuko ni jambo lingine, usiviweke kwenye uhusiano mmoja hata kama kwenye njia ya Marangu vinaenda sambamba.

Tahadhari za kuandika, zote nimeziona kwenye mafaili yenu:

Koma kwenye namba. Gazetini tunaandika 5,895. Kwenye faili ukiandika mwinuko(uhuru, 5,895) umeipa vitu vitatu: uhuru, tano, na mia nane tisini na tano. Andika 5895, bila neno mita, bila alama za kunukuu.

Word na WhatsApp. Word inabadilisha alama za kunukuu na vistari kuwa vya kupendeza, na Prolog haivitambui; mistari ya WhatsApp nayo huenda imeshabadilishwa njiani. Ukitumiwa mistari kwa WhatsApp, afadhali uichape upya.

Jina la faili. Notepad inapenda kuhifadhi mlima.pl.txt bila kukwambia. Wakati wa kuhifadhi chagua aina ya faili iwe "All files", alafu andika mlima.pl.

Chanzo cha namba. Kibo Hut utakuta pengine wameandika 4,720 na pengine 4,703. Chagua moja, alafu juu yake weka mstari unaoanza na alama ya asilimia % ukiandika umeitoa wapi. Prolog inaruka mistari ya asilimia, ila wewe wa mwezi ujao utaihitaji.

## Hatua ya 5: Uliza maswali madogo

Kwenye folda ulipoweka faili, fungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, andika swipl mlima.pl. Windows unaweza kubofya faili lenyewe mara mbili. Wa SWISH, bandika mistari upande wa programu na maswali andika kwenye kisanduku cha chini.

Itakuja alama ?- ikikusubiri (wewe usiiandike tena). Andika:

    ?- hatua(marangu, horombo, X).

Jibu: X = kibo_hut. Hiyo X ndo lile shimo, umeiambia jaza.

Geuza sasa:

    ?- hatua(N, X, stella).

Itakupa marangu na gilmans kwanza. Bonyeza nukta-mkato (;) itakupa machame na barafu. Mstari uleule unajibu kutoka pande zote mbili, kitu ambacho programu ya kawaida ungeiandika mara mbili.

Ukibadilisha faili, lihifadhi, alafu andika make. na nukta yake, litasomwa upya. Kutoka ni halt. vilevile na nukta. Ukibonyeza Enter na hamna kinachotokea, ujue umesahau nukta, iandike tu hapohapo mstari wa chini na ubonyeze tena.

Ujumbe ambao utakutana nao na usikushtue: "Singleton variables" inamaanisha kuna variebo umeitaja mara moja tu, mara nyingi ni kosa la herufi. "Clauses ... are not together" inamaanisha umetawanya mistari ya jamii moja, zikusanye sehemu moja. "Unknown procedure" ni jina ambalo halipo kabisa kwenye faili, angalia herufi moja moja, pia hesabu vitu vilivyo ndani ya mabano maana hatua yenye vitu viwili na hatua yenye vitu vitatu kwake ni watu wawili wasiojuana.

## Hatua ya 6: Andika kanuni, hapa ndo akili inapoingia

Mpaka sasa tuna jedwali tu. Swali la 2 linataka vituo vyote baada ya Mandara, na hatuna popote palipoandikwa kwamba Uhuru inakuja baada ya Mandara. Ongeza:

    hufuata(N, A, B) :- hatua(N, A, B).
    hufuata(N, A, B) :- hatua(N, A, C), hufuata(N, C, B).

Soma :- kama "ikiwa" na koma kama "na". Mstari wa kwanza: B hufuata A ikiwa kuna hatua moja kutoka A kwenda B. Wa pili: B hufuata A ikiwa kuna hatua kutoka A kwenda C, na B hufuata C. Kanuni inajiita yenyewe, kila safari ikiwa imesogea kituo kimoja mbele.

    ?- hufuata(marangu, mandara, X).

Ukibonyeza nukta-mkato (;), mfululizo utapata horombo, kibo_hut, gilmans, stella, uhuru, mwisho false. Ile false ya mwisho ina maana "nimemaliza", usiogope.

Onyo kubwa: usipindue mstari wa pili ukaandika hufuata kwanza alafu hatua. Kwa Kiswahili maana ni ileile, ila Prolog inasoma kushoto kwenda kulia, itajiita kabla haijasogea popote, itakupa majibu yote vizuri alafu ikiombwa lingine itazunguka mpaka ikwambie "Stack limit exceeded". Kwanza sogea, ndo ujiite.

Swali la 5:

    kupanda(N, A, B, M) :- hatua(N, A, B), mwinuko(A, X), mwinuko(B, Y), M is Y - X.

    ?- kupanda(marangu, mandara, horombo, M).

Jibu M = 1000. Hapa tumia is, sio alama ya sawasawa. Ukiandika M = Y - X itakurudishia 3720-2720 hivihivi bila kukokotoa, maana = inafananisha tu maumbo. Na is lazima ikae mwishoni, baada ya namba kupatikana. Ukija kujaza mwinuko wa Lava Tower na Barranco utapata namba hasi, na hiyo ni sahihi kabisa.

## Hatua ya 7: Kurithi, na mambo ya "isipokuwa"

Kanuni za makundi:

    chini_ya(D, K) :- aina_ya(D, K).
    chini_ya(D, K) :- aina_ya(D, M), chini_ya(M, K).

    imo(X, K) :- moja_ya(X, K).
    imo(X, K) :- moja_ya(X, D), chini_ya(D, K).

Uliza ?- imo(X, njia_ya_kupandia). Utapata marangu, machame, rongai, lemosho. Mweka haimo, na ndivyo inavyotakiwa, ile ni ya kushukia. Swali la 1 limeisha.

Sasa sifa za kundi:

    inahitaji(njia_ya_kupandia, mwongozaji).
    inahitaji(njia_ya_mahema, hema).

    huhitaji(N, Kitu) :- imo(N, K), inahitaji(K, Kitu).

Ona raha yake: ukiuliza ?- huhitaji(machame, X). inakupa hema na mwongozaji, na hakuna sehemu uliyoandika machame na hema pamoja. Kesho ukiongeza moja_ya(umbwe, njia_ya_mahema), Umbwe inarithi yote hayo kwa mstari mmoja. Kama kwenye faili lako unarudia sifa moja kwa kila njia, hiyo sifa inatakiwa kupanda juu kwenye kundi.

Dunia lakini ina "isipokuwa" nyingi. Kawaida waliopanda wanashukia Mweka. Isipokuwa wa Marangu wanarudi njia yao, na wa Rongai, wanaoanzia upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, nao wanashukia Marangu. Usiandike kila njia na kushuka kwake. Andika ya kawaida, alafu taja zilizojitenga:

    shukia_maalum(marangu, marangu).
    shukia_maalum(rongai, marangu).

    hushukia(N, G) :- shukia_maalum(N, G).
    hushukia(N, mweka) :- imo(N, njia_ya_kupandia), \+ shukia_maalum(N, _).

Ile \+ ina maana "haithibitiki kwamba", na kile kistari _ ni shimo ambalo hatujali limejazwa na nini. Uliza ?- hushukia(lemosho, G). upate mweka, uliza kwa rongai upate marangu. Ukisahau ile sehemu ya \+, Rongai itapata majibu mawili na faili lako litakuwa linajipinga lenyewe.

Na swali la 3:

    bila_hema(N) :- imo(N, njia_ya_kupandia), \+ huhitaji(N, hema).

?- bila_hema(X). inajibu X = marangu. Jaribu kupindua ukaanza na \+ uone: itasema false. Kwa sababu N bado ni shimo, swali linageuka kuwa "je, ni kweli hakuna njia yoyote inayohitaji hema?", na zipo, basi inakataa hapohapo. Kanuni ya mkono: \+ ikae mwisho, baada ya majina kujulikana.

## Hatua ya 8: Elewa false inakwambia nini

Kabla hujaongeza Umbwe, uliza ?- imo(umbwe, njia). Itajibu false. Umbwe ni njia ya kweli, ipo, watu wanaipanda, ni ya mwinuko mkali na inaungana na wengine Barranco. Kompyuta haijasema Umbwe sio njia, imesema kwa yale uliyoniambia siwezi kuthibitisha. Ila ikilitumia jibu hilo, kwenye \+ kwa mfano, Prolog inachukulia kwamba kisichokuwemo kwenye faili hakipo duniani.

Kwa ratiba ya mabasi hiyo ni sawa, basi lisilo kwenye ratiba halipo. Kwa hospitali ni hatari: mgonjwa ambaye hajaandikiwa mzio wa dawa sio mgonjwa asiye na mzio. Ukitaka kutofautisha, weka mambo mawili, moja la waliopimwa wakakutwa nao na lingine la waliopimwa wakakutwa hawana, na asiyekuwa kwenye yote mawili basi hajulikani. Kabla ya kutumia \+ mahali popote jiulize kama orodha yako imekamilika. Kama haijakamilika, hiyo \+ inabahatisha.

## Hatua ya 9: Yapeleke majibu kwa mwenye mlima

Mtafute yule mtu wako. Usimwonyeshe faili, hatalielewa na hana haja nalo. Msomee majibu ya kompyuta kwa Kiswahili: "Mtu wa Lemosho anashukia Mweka, kweli?" Kila anaposema "ndio, ila..." andika hiyo "ila" kwenye daftari. Atakwambia kwa mfano kwamba wengine wa Machame hawalali Karanga, wanaunganisha mpaka Barafu siku hiyohiyo. Faili lako lina hatua za kupita, halina siku za kulala, hujakosea, ila sasa umepata swali jipya na uhusiano mpya: hulala(safari, siku, kambi).

Weka kila jibu alilothibitisha kwenye faili la pili, jaribio.pl, swali na jibu lake. Ukibadilisha kanuni yoyote, yapitie yote upya. Kanuni moja ikiguswa, majibu ya mbali kabisa yanaweza kuhama bila wewe kujua.

Umefaulu kama: maswali yote ya daftari yanajibika, mtu wa mlima hajakataa hata moja, na unaweza kuongeza njia mpya bila kugusa kanuni.

## Ukishaiva hapa

Watu wa ontolojia (ramani rasmi za makundi ya vitu na mahusiano yake) wanatumia Protégé, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford. Utayakuta makundi, waliomo na mahusiano yaleyale ya hatua ya 3, ila unayachora badala ya kuyaandika. Tofauti moja itakusumbua wiki ya kwanza: kule kisichoandikwa kinahesabiwa hakijulikani, hakihesabiwi uongo. Lile swali la njia isiyohitaji hema, ukilihamishia kule kama lilivyo, halitakupa Marangu mpaka utamke waziwazi kwamba njia ya vibanda na njia ya mahema haziwezi kuwa kitu kimoja, na kwamba hema linahitajika kwenye njia za mahema peke yake. Anza kwa kuandika hizo sentensi mbili kwenye daftari lilelile.